Uzi: Kuishi na siliaki Nairobi. Usiulize jina la chakula, uliza mafuta, mwiko na mashine ya kusaga

MwanaUmoja

Wadau, uzi huu ni wa wale waliotoka kwa daktari wakaambiwa wana siliaki, kisha wakarudi mtaani na karatasi ya "epuka gluteni" bila mtu kuwaeleza watakula nini wakiwa Umoja, Kawangware au Kasarani. Ni wa mama, mume au dada anayepika nyumba moja na mgonjwa pia. Mimi naishi na ugonjwa huu na ninachotaka kusema ni kimoja: chakula chetu kingi hapa hakina shida. Shida iko kwenye mafuta, kwenye mwiko, kwenye mashine ya kusaga na kwenye mkono uliotoka kukanda chapati.

Ugonjwa wenyewe kwanza, haraka. Gluteni ni protini ya ngano, shayiri na rai (nafaka ya Ulaya inayofanana na ngano). Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo mwembamba. Vile vijinyama vidogo vilivyosimama ndani ya utumbo, vinavyofyonza chakula, vinalala na kuisha. Unakula vizuri na mwili haupati kitu. Wengine wanaharisha na kufura tumbo. Wengine tumbo haliwasumbui hata siku moja, lakini damu haipandi hata wameze vidonge vya madini ya chuma mwaka mzima, au mimba zinatoka, au vidonda vya mdomo haviishi, au mtoto haongezi kimo. Tiba ni moja: kuacha gluteni maisha yote.

Tafadhali msiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu kinaitwa tTG-IgA, na daktari mzuri ataongeza IgA ya jumla (IgA ni aina ya kingamwili), kwa sababu mtu mwenye IgA kidogo anaweza kutoka safi ilhali anaumwa. Baadaye ni endoskopi: wanapitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi kwenye utumbo, wachukue vipande vidogo vya utumbo viangaliwe kwa darubini. Ukiwa umeshaacha ngano, kingamwili zinashuka, utumbo unaanza kupona, na majibu yanakosa maana. Hapa kwetu watu wanazungushwa sana: leo taifodi, kesho ameba, mwezi ujao vidonda vya tumbo. Ukishatibiwa hayo yote na bado uko pale pale, taja siliaki kwa jina lake. Daktari hatakasirika.

Sasa chakula. Ugali wa mahindi, githeri, mukimo, matoke, nduma, ngwaci (viazi vitamu), muhogo, wali, maharagwe, ndengu, omena, mayai, maziwa, sukuma, managu, nyama: hivi vyote Mungu ametupa bila gluteni. Wimbi na mtama pia. Mgonjwa wa Ulaya ananunua mkate maalumu kwa bei ya kuumiza, sisi tuna gorogoro ya mahindi. Hilo lilinipa nguvu sana mwanzoni na nataka likupe wewe pia.

Lakini tazama safari ya hayo mahindi. Umenunua mahindi safi, ukayapeleka kwa mtu wa kusaga. Aliyekutangulia amesaga ngano, au ule mchanganyiko wa uji wa mtoto wenye ngano, soya na njugu. Mashine haijaoshwa, haioshwi. Kilo zako za kwanza zinatoka na unga wake. Mimi huenda asubuhi na mapema, namwomba anisagie mahindi kidogo ya kufagia mashine, hayo ya kwanza nampa jirani wa kuku, halafu ndipo yangu. Nikikuta ametoka kusaga ngano narudi kesho. Bora zaidi ni kupata anayesaga mahindi na wimbi pekee. Nyamakima, kule kwenye maduka ya nafaka mjini, wapo, ukiuliza duka kwa duka. Nafaka ya gunia ichague kwenye ungo na uioshe, kwa sababu kopo moja ndilo linachota ngano, mtama na ndengu. Na unga wa uji wa pakiti, soma nyuma hata kama mbele kuna picha ya wimbi.

Mtu atasema, "Kidogo tu hakiui." Sikieni hesabu. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinasema chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Wagonjwa wengi wako salama wakikaa chini ya miligramu 10 kwa siku. Slesi moja ya mkate ina gramu kadhaa za gluteni. Kwa hiyo chembe zilizobaki kwenye kisu cha kupaka siagi zinatosha kukuchokoza, na utumbo unaumia hata siku ambayo husikii chochote.

Kibandaski sasa, yaani kibanda cha chakula cha mtaani, hapa nitakaa kidogo maana ndipo wengi wetu tunakula. Ukimuuliza mama wa kibanda kama chakula kina gluteni atakuambia hakina, na hajakudanganya. Swali lako halimsaidii. Muulize: "Mama, hii supu umeitia unga iwe nzito? Hizi chipsi zimekaangwa mafuta ya mandazi? Mwiko wa ugali ndio huo wa chapati?" Hayo anayajua kuliko mtu yeyote, na atakujibu bila kufikiri. Fika saa tano na nusu, kabla ya watu wa saa saba kujaa, sufuria zikiwa bado safi na yeye ana dakika ya kukusikiliza. Mwambie kwa adabu kwamba ni maagizo ya daktari na utalazwa ukikosea. Nilipompata mama mmoja aliyenielewa, sikuhama. Sasa akiniona ananipakulia githeri kutoka sufuria ambayo kijiko cha chapati hakijaingia, na ugali wangu anaukata kwa kisu alichokiosha mbele yangu.

Vya kuacha bila mjadala: chapati, mandazi, sambusa, keki, tambi za kawaida, kuku wa kukaangwa aliyepakwa unga. Smoki na soseji nyingi zimejazwa makombo ya ngano, ziache mpaka usome pakiti. Chipsi za mtaani ziache kama karai ni lile lile la mandazi. Kinywaji chochote chenye kimea cha shayiri, ikiwemo bia ya kawaida na baadhi ya vinywaji vya unga vya watoto, kiache.

Nyumbani nina karai langu, mwiko wangu, kibao changu na chekeche yangu. Mwiko wa mbao una nyufa na chekeche haitakati hata ukiisugua. Siku ya chapati unga unapaa hewani na kutua kila mahali, kwa hiyo siku hiyo chakula changu kinapikwa kwanza, kinafunikwa, na mimi naondoka jikoni.

Karibuni, ongezeni.

Ochi_wa_Donholm

Asante dada. Swali, na nauliza kwa heshima. Huu si ugonjwa wa wazungu? Wazee wetu hawakuwahi kuusikia. Shemeji yangu ameambiwa anao na familia nzima inasema daktari amekosea.

MuuguziMstaafu

Ochi, familia isikilize daktari. Ugonjwa huu unahitaji vitu viwili vikutane: jeni na gluteni. Karibu wagonjwa wote wana jeni ziitwazo HLA-DQ2 au HLA-DQ8, na jeni hizo haziulizi pasipoti. Kiwango kikubwa kupita vyote kilichopata kuandikwa ni cha Waafrika: watoto wa Kisahrawi, wale wa Sahara Magharibi walioko kambi za wakimbizi Algeria. Watafiti walichapisha mwaka 1999 kwamba zaidi ya watoto 5 katika kila 100 walikuwa nao. Duniani kwa jumla ni kama mtu 1 kati ya 100. Wazee wetu walikula mtama, wimbi na mihogo. Aliyebeba jeni alizeeka nazo bila kujua. Leo mtoto wa Nairobi anakula mkate asubuhi, mandazi saa nne na chapati usiku.

Na jinsi sababu yenyewe ilivyojulikana ni kisa cha kusikitisha. Tangu mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London alikuwa ameueleza ugonjwa vizuri na kusema kama upo uponyaji utakuwa kwenye chakula, ila hakujua chakula kipi. Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, vita vilileta njaa kali na mkate ukaadimika. Daktari wa watoto Willem Dicke alikuwa tayari anaishuku ngano, na akaona watoto wake wa siliaki, katikati ya njaa iliyoua maelfu, hali zao zinatengemaa. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Baada ya vita yeye na wenzake walithibitisha kwamba ni ngano.

Ochi, mwambie shemeji ndugu zake wa tumbo moja, wazazi na watoto wapimwe. Kati ya jamaa wa karibu, kama 1 kati ya 10 hukutwa nao, wengine bila dalili hata moja.

Ochi_wa_Donholm

Nimewasomea ujumbe huu nyumbani. Mama mkwe amekubali kwenda kupimwa. Ana upungufu wa damu wa miaka.

MpishiNgara

Mimi ni mpishi, nimefanya kazi jikoni za hoteli kubwa na ndogo hapa mjini. MwanaUmoja amesema kweli tupu kuhusu mafuta. Niongeze mambo ambayo mteja haoni.

Soya sosi ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Kwa hiyo nyama iliyolazwa kwenye viungo, mboga za kukaangwa kwa mtindo wa Kichina, hata kuku wa kuchoma wa sehemu fulani, vimeguswa. Supu ya krimu na mchuzi mzito wa hoteli huanza kwa siagi na unga wa ngano. Samaki mzima wa kukaangwa, wapishi wengi humpitisha kwenye unga ili asigande kwenye karai. Agiza wa kuchemsha au wa nazi, au mwambie mpishi amkaange mkavu katika kikaango.

Chakula cha Kihindi cha Parklands na Ngara kina baraka nyingi: dosa na idli ni mchele na urad, jamii ya choroko, dhokla mara nyingi ni dengu, bajia ya viazi ni unga wa dengu. Ila kuna mvuje, kile kiungo chenye harufu kali ambacho Wahindi hukiita hing. Ule wa unga, wa kopo, kwa kawaida umechanganywa na unga wa ngano au wa mchele, na jikoni huingia kwenye dengu karibu zote. Omba wakupikie dengu yako bila mvuje. Bajia nazo uliza kama wameongeza ngano kidogo iwe karakara, na kama karai ni la sambusa.

Injera, ule mkate mwembamba wa Kihabeshi: teff, nafaka yake ya asili, haina gluteni, lakini teff ni ghali Nairobi, na injera nyingi hapa ni mchanganyiko. Muulize mwenye hoteli mwenyewe. Mhudumu atakuambia ni teff kwa sababu ndivyo menyu inavyosema.

Ukifika hotelini, omba kuongea na mpishi wakati jikoni kumetulia, kama saa sita kasoro au saa kumi na mbili jioni. Saa mbili usiku ukituletea maagizo marefu tutaitikia tu huku mikono inaendelea na kazi. Nasema hivi kwa sababu napenda mteja wangu arudi nyumbani mzima.

Nduma_na_Chai

Mwanangu ana miaka tisa, alikutwa nao mwaka jana. Amenenepa, nguo za shule zimekuwa fupi, nashukuru Mungu kila asubuhi. Shida yangu ni shule na sherehe. Shule moja ilimpa mkate siku ya michezo kwa kumhurumia, eti asijione tofauti. Alitapika usiku kucha. Nifanyeje bila kugombana na walimu?

MwanaUmoja

Pole sana mama. Barua ya daktari iwe na mistari michache tu: vyakula gani vinamwumiza, vipi ni salama, na nambari yako ya simu. Mpe mwalimu wa darasa na mpishi wa shule, kila mtu nakala yake. Mpishi ndiye muhimu. Keti naye, mshukuru kabla ya kumwomba. Mwachie kopo lenye jina la mtoto: njugu, popcorn ulizozitengeneza nyumbani, crisps zisizo na viungo vya ngano. Siku ya keki mtoto ana chake cha kufungua mbele ya wenzake. Kuna mama hapa mtaani anaoka keki ya unga wa mchele na muhogo kwa mayai mengi, watoto wote wanaigombania.

Na mtoto afundishwe mapema kusema mwenyewe, "Hapana, asante, hicho kinaniumiza." Wa miaka tisa anaweza. Kwa bibi ndiko kugumu kuliko shuleni, maana bibi analisha kwa upendo. Mpeleke bibi kliniki siku moja aonyeshwe na daktari. Neno la daktari analipokea kuliko letu.

BintiMvita

Mimi ni wa Mombasa ninayeishi South C, na siliaki yangu ilijulikana baada ya vipele vya kuwasha kwenye viwiko na magoti, vile vya malengelenge madogo. Kumbe ngozi nayo huonyesha ugonjwa huu. Kwa hiyo mtu wa ngozi asiyepona na dawa za kupaka, hilo nalo aliulizie.

Jamani msiogope kushuka pwani. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mbaazi za nazi, muhogo wa nazi, kachumbari, mishikaki ya chumvi na ndimu. Mkate wa kumimina ni mchele na nazi na vitumbua vivyo hivyo, lakini ulizeni, kuna wanaotia ngano kidogo siku hizi. Mahamri na kaimati ni ngano, hivyo viacheni. Viazi vya rojo, rojo lake huwa na unga. Wengine ngano, wengine dengu. Viazi vya karai kadhalika. Ramadhani mimi hufuturu kwa tende, uji wa mchele na muhogo, na sahani yangu hupakuliwa kwanza kabla vijiko havijaanza kuhama sinia hadi sinia. Ndugu zangu wamezoea, hawaniulizi tena.

Kioko_Syokimau

Safari ni eneo langu, nasafiri kikazi. Kwa treni ya SGR mimi hupanda na chakula changu: nduma zilizochemshwa, mayai, ndizi, njugu. Basi likisimama Mtito Andei natafuta matunda na mayai yenye maganda. Yai na ndizi vimefungwa na Muumba, hakuna mwiko uliopita humo. Barabara ya Nakuru nasimama Kikopey, nachagua mbuzi, naomba achomwe kwa chumvi pekee na akatwe kwa kisu na kibao nilivyobeba. Hakuna aliyewahi kukataa.

Ndege: chakula chako kina alama yake, GFML. Kiombe wakati wa kununua tiketi au angalau siku mbili kabla, na upige simu kuhakikisha. Hata hivyo beba akiba. Nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria, hoteli lazima ikueleze kama chakula kina nafaka zenye gluteni, kwa hiyo uliza bila aibu. Italia ndiko nilikokula kwa raha kuliko kwingine. Huko wagonjwa hata hupewa msaada wa serikali wa kununulia vyakula vyao.

Mkatekista_K

Nimefuata uzi huu kimya. Waumini wengi wanateseka na hostia, ule mkate wa Komunyo, na wanaona haya kusema. Kanisa Katoliki linasema hostia lazima iwe ya ngano. Barua ya Roma ya mwaka 2017 ilirudia kwamba isiyo na gluteni kabisa si halali, ila yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa. Asiyeweza hata hiyo anapokea divai peke yake, na ni Komunyo kamili. Sema na padre mapema uwekewe kikombe chako, kwa sababu katika kikombe kikuu padre hutumbukiza kipande cha hostia. Hakuna padre atakayekufukuza kwa hilo.

MwanaUmoja

Mkatekista, Mungu akubariki. Hilo la kipande ndani ya kikombe watu wengi hawalijui, na kuna walioacha kabisa kukaribia altare.

Kayole_Mpya

Habari zenu. Majibu yangu ya damu yametoka jana, tTG iko juu sana. Endoskopi ni Alhamisi ijayo. Nimesoma uzi wote nikilia kwa sababu nimeugua tangu nikiwa sekondari na sasa angalau kuna jina. Kesho asubuhi nile nini?

MwanaUmoja

Pole na hongera kwa pamoja. Kesho kula kama kawaida, ngano ikiwemo, mpaka Alhamisi ipite. Najua inauma kusikia hivyo, lakini daktari anahitaji kuuona utumbo ulivyo. Kama inakuzidi, mpigie daktari uulize kiasi cha chini kabisa, usiamue peke yako.

Wiki hii tumia muda kufanya mengine: nunua mwiko, kibao na chekeche mpya, uviweke kwenye mfuko mbali na vya nyumba. Ulizia mtaani nani anasaga mahindi pekee. Mwulize daktari kuhusu kipimo cha upungufu wa damu, vitamini D na mifupa, na kwamba tTG irudiwe baada ya miezi sita. Dawa unazomeza, mwulize mfamasia kama zina wanga wa ngano. Maziwa yakikufurisha tumbo mwanzoni yapumzishe, mara nyingi hurudi kukubalika utumbo ukipona.

Alhamisi ukitoka hospitalini, kama daktari amesema uanze, niandikie hapa. Jumamosi nitakuwa Nyamakima kununua wimbi, twende pamoja. Na kama una ndugu wa tumbo moja, waambie nao wapimwe, wakiwa bado wanakula chapati.